Je, Wajua? Siki Hufichua Saratani Kabla Haijaanza

Siki ya asilimia 3 hadi 5 huonyesha seli zinazoelekea kuwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama: penye hitilafu hugeuka peupe. Hahitaji maabara. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa vijiji vya Songea, vilivyo zaidi ya kilomita 900 kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wapo wasemao, “Siumwi, nipimwe nini?” Lakini hatua ya awali, kabla seli hizo hazijawa saratani, haiumi kabisa, na ndipo tiba ilipo rahisi: seli hizo huweza kugandishwa au kuunguzwa siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani. Mama wa miaka 30 hadi 50, ulizia kipimo hiki.