Bunduki ya upepo: raba ni biashara, mtutu ni kesi

Na Mwandishi Wetu, Juba

Hoja inayorudiwa na karibu kila mtu anayeagiza bunduki ya upepo ni moja: haina baruti, kwa hiyo si silaha. Mteja wa Juba humweleza hivyo mfanyabiashara anayeelekea Kampala au Nairobi, tena kwa roho safi. Anataka kitu cha kupunguza panya ghalani, au popo wanaomaliza maembe kabla hayajaiva. Mwingine anayo tayari, ya zamani, ile ya kupampu kwa mkono, ila imekufa. Huyu anataka vipuri, na fundi akiweza, aiongeze nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inaitambua silaha ya moto kwa kitu kimoja: inatoa risasi kwa nguvu ya mlipuko. Bunduki ya upepo haina mlipuko. Lakini afisa wa forodha pale Malaba au Elegu hapimi mzigo wako kwa itifaki hiyo. Anatumia orodha ya misimbo ya bidhaa, ile inayotumika dunia nzima, na ndani ya orodha hiyo Sura ya 93 ni ya silaha na risasi. Kifungu 9304 kinazitaja bunduki za springi, za hewa na za gesi waziwazi. Kinachofuata, 9305, ni cha sehemu na vifaa vyake. Vile virisasi vidogo vya risasi laini vinavyouzwa kwenye kopo navyo vimo humo humo, kifungu 9306. Bunduki ya mtoto ya plastiki ndiyo iko kwingine kabisa, Sura ya 95, pamoja na wanasesere.

Kwa mfanyabiashara tofauti ya sura hizo mbili ni kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Kenya na Uganda ambako mzigo wa Juba hupitia, ina Jedwali la Pili lenye sehemu mbili. Sehemu A ni bidhaa zilizopigwa marufuku. Sehemu B ni bidhaa zinazoruhusiwa kwa masharti tu, na humo zimetajwa silaha na risasi zote za Sura ya 93. Haisemi zenye nguvu kubwa wala zenye baruti. Kuingiza bidhaa ya Sehemu B bila kutimiza masharti ni kosa linaloweza kumpa mtu kifungo cha hadi miaka 5, faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na mzigo wenyewe unaweza kutaifishwa. Cheti rahisi cha asili, kinachowasaidia wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, hakiokoi kitu hapa. Kile ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na bunduki hizi huanzia Marekani, Ulaya, Uchina au Uturuki.

Turudi kwa mwenye bunduki iliyokufa, maana yeye ndiye mteja wa kweli, na tatizo lake mara nyingi ni dogo kuliko anavyodhani.

Aliyewahi kupampu taa ya karabai anaifahamu mashine hii bila kuambiwa. Chini ya mtutu kuna mpini wa mbao unaovutwa mbele na kurudishwa. Kila ukirudishwa, pistoni inasukuma hewa ipite valvu ya njia moja na kuingia kwenye chemba ndogo, na hewa hairudi. Ukipampu mara 3, kuna kiasi fulani. Ukipampu mara 8, ambacho ndicho kikomo cha bunduki kama Sheridan Blue Streak ya Marekani, kuna kiasi kikubwa zaidi. Ukivuta kifyatuo, nyundo ndogo yenye springi inaigonga valvu, hewa yote inatoka kwa pamoja nyuma ya kirisasi. Presha ndani ya chemba hiyo ni zaidi ya mara 5 ya ile ya tairi la lori. Na chombo chote hicho kinategemea vipande vya raba au ngozi ambavyo bei yake haifiki hata ya soda.

Ndipo penye ugonjwa. Karabai iliyokaa miaka kwenye stoo haipandi presha kwa sababu ngozi ya pampu imekauka. Ukiitia mafuta inafufuka. Bunduki ya pampu ya miaka ya 1950 au 1960 huugua vivyo hivyo. Kikombe cha pistoni kimekuwa kigumu, oringi zimepasuka, sili ya valvu imeliwa na kutu au mchanga. Mwenyewe anapampu mara 8, inayobaki chemba ni hewa ya pampu 2, kirisasi kinatoka kama kimetemwa, naye anahitimisha kwamba bunduki yake haina nguvu. Nguvu anayo. Inavuja tu.

Joto la Juba na vumbi lake haviisaidii raba, lakini adui mkubwa kuliko hivyo ni kopo la mafuta. Watu hutia mafuta ya injini, na wengine yale ya kupuliza ya kulegezea nati. Yapo yanayovimbisha raba na kuiozesha. Kisha kuna jambo ambalo dereva wa lori atalielewa upesi kuliko mwenye duka: hewa ikibanwa ghafla inapata joto, na mvuke wa mafuta ndani yake unaweza kuwaka, ndiyo kazi yote ya injini ya dizeli. Hakuna anayetaka dizeli hiyo iwake sentimita chache kutoka shavuni mwake. Mafundi wa bunduki hizi hutumia mafuta ya silikoni, tone moja moja.

Sasa hilo la kuongeza nguvu. Njia za mafundi zinajulikana, nazo si nyingi: kupunguza nafasi tupu inayobaki mbele ya pistoni ili hewa yote iingie chemba, kukaza springi ya nyundo ili iweze kuifungua valvu yenye presha kubwa, kupanua tundu la kupitisha hewa kwenda mtutuni. Ile ya kwanza ni ukarabati wa haki, maana pistoni iliyochakaa huacha nafasi ambayo kiwanda hakikuiacha. Hizo nyingine ndizo zinazoanza kula chuma. Pini za mkono wa pampu zinapinda. Kwenye bunduki nyingi za zamani mtutu na bomba la pampu ni shaba iliyounganishwa kwa bati la kuchomelea, na kiungo hicho kilipimiwa presha ya kiwandani, haikufikiriwa tamaa ya mtu wa miaka 60 baadaye. Kuna pia mtego unaowashangaza wengi: ukizidisha kupampu, presha inaibana valvu kiasi kwamba nyundo haiwezi kuifungua vizuri, na bunduki inapiga polepole kuliko mwanzo au haipigi kabisa. Inabaki imejaa hewa, na mwenyewe anachungulia mtutuni kuona kulikoni.

Hesabu nayo haimpendelei mwenye tamaa. Ili kirisasi kiongeze mwendo kwa asilimia 10, nishati inabidi iongezeke kwa asilimia 21. Ukifanikiwa kupita mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, kirisasi kile chenye kiuno chembamba huanza kuyumba, na panya ghalani anabaki salama.

Kitu kinachobadilika kweli ni hadhi ya chombo mbele ya sheria. Nchi nyingi hugawa bunduki za upepo kwa nishati. Uingereza mpaka ni joule 16.3 kwa bunduki ndefu. Ikizidi hapo inahitaji cheti kama silaha ya moto. Ujerumani mpaka wa kununua bila kibali ni joule 7.5. Kanada wanaangalia mambo mawili, mwendo wa mita 152.4 kwa sekunde na joule 5.7, na ikizidi yote mawili inahesabiwa silaha. Bunduki ya zamani ya pampu ikiwa nzima tu, haijaguswa, tayari inaweza kufika jirani na mpaka wa Uingereza. Fundi akiipandisha kidogo, ameivusha.

Indonesia wana kijiji kizima cha kazi hii, Cipacing, huko Java Magharibi, ambako bunduki za upepo zimetengenezwa na kukarabatiwa kwa mikono kwa vizazi. Ni ufundi wa heshima na umelisha familia nyingi. Lakini kutoka bunduki ya hewa iliyoongezwa nguvu hadi silaha ya baruti ni hatua ambayo wapo waliokubali kuivuka, na polisi wamewakamata baadhi ya mafundi wa eneo hilo kwa kutengeneza silaha za moto. Anayeona bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto akumbuke pia kwamba jeshi la Austria liliipokea ya Girardoni mwaka 1780, ikibeba risasi 20 kwa mkupuo, na kwamba wapelelezi wa Marekani, Lewis na Clark, waliibeba ya namna hiyo safari yao yote ya 1803 hadi 1806.

Juba ina uzito wake wa ziada. Nchi hii ina Sheria ya Silaha ya mwaka 2016, na ni miongoni mwa nchi 15 za kituo cha kikanda cha kudhibiti silaha ndogo, RECSA, chenye makao Nairobi. Kuwanyang'anya raia silaha si jambo la makaratasi hapa: Agosti 2020, zoezi la aina hiyo huko Tonj, jimbo la Warrap, lilizua mapigano yaliyoua makumi ya watu. Askari kwenye kizuizi kati ya Nimule na Juba, barabara ya kilomita 192, akiona mtutu na kitako ndani ya gunia hataanza kuuliza kama ni ya hewa. Utingo aliyelala juu ya gunia hilo ndiye ataulizwa ya kwanza.

Kwa hiyo mfanyabiashara akipewa oda hii afanye nini? Bunduki nzima, mtutu, kitako, kifyatuo na virisasi ni vya mtu mwenye kibali cha polisi wa kila nchi unamopita, kikiwa mkononi kabla ya kununua, na wakala wa forodha akijua. Pasipo kibali, mrudishie mteja pesa yake. Oringi na washa za raba zinazouzwa kwa vipimo kila duka la vipuri ni habari nyingine. Hizo ziko Sura ya 40, kifungu 4016, pamoja na sili za pampu za maji na za kupulizia dawa shambani, na soko lake Konyo Konyo si la bunduki peke yake. Tahadhari moja: seti iliyofungwa kiwandani na kuandikwa ni ya bunduki, itangaze kwa jina hilo hilo. Kuirarua boksi ili iitwe vipuri vya pampu ni tamko la uongo, na hilo ni kosa jingine juu ya la kwanza.

Mteja mwenye leseni yake naye mwambie akupe vipimo, asikuambie tu “za bunduki ya zamani”. Sheridan hutumia kirisasi cha milimita 5, wakati madukani vilivyojaa ni vya 4.5 na 5.5, na sili za toleo moja haziingii toleo jingine. Na kabla hajaipeleka kwa fundi aifyatue ikiwa haina kirisasi, imeelekezwa ardhini, maana wenye bunduki hizi wana desturi ya kuziacha na pampu moja au mbili ndani ili valvu isiingie vumbi, na hewa hiyo inaweza kukaa humo miezi.