Kuiga tangi la ndege likipigwa: fedha iende wapi?

Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, kipande cha tairi chenye uzito wa takriban kilo 4.5 kililipiga tangi la Concorde. Ukuta wa tangi ulipasuka kwenda nje, kwa kuwa mafuta yaliyojaa ndani yalisukumwa yakakosa pa kwenda. Watu 113 walikufa. Anayeiga pigo la namna hiyo kwenye kompyuta anataka jibu moja: ukuta upi utachanika?

Kati ya programu za kazi hii, LS-DYNA ndiyo iliyozoeleka. Leseni yake hulipiwa, na toleo la bure la wanafunzi lina kikomo cha ukubwa wa modeli. OpenRadioss ni bure tangu 2022, nayo husoma mafaili mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya LS-DYNA, hivyo kuhama si kuanza upya. DualSPHysics pia ni bure na huenda kasi sana kwenye kadi ya michoro, ila ilikusudiwa mawimbi na maji. Kwa alumini inayochanika singeichagua.

Ndani ya programu kuna uchaguzi mwingine. Njia ya ALE hupitisha mafuta kwenye wavu wa seli. Hushika vizuri wimbi la mshtuko la mwanzo, lakini hewa nayo lazima iwekewe seli, na mafuta ya kwenye modeli yanaweza kuvuja penye ukuta mzima. Njia ya SPH hugawa mafuta kuwa chembe. Hewa waweza kuiacha, na mafuta yakifoka tunduni chembe huyafuata bila shida. Mgandamizo wake, hata hivyo, hurukaruka.

Gharama kubwa imejificha kwenye muda. Ukipunguza nafasi kati ya chembe kwa nusu, idadi yake huwa mara 8, na hatua ya muda nayo hupungua nusu: kazi mara 16. Hesabu ya saa 1 kwa milimita 4 huwa saa 16 kwa milimita 2, na saa 256 kwa milimita 1, karibu siku 11. Kwa seli za ALE hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana nasema wazi: seli au chembe ndogo zikae kwenye njia ya kitu kinachopiga tu.

Kwa idara ndogo ningechukua OpenRadioss. LS-DYNA ningeilipia pale tu mteja au mamlaka ya usalama inapoidai kwa jina. Fedha inayobaki inunue vihisi vya mgandamizo na maboksi ya alumini ya kujaza maji na kupiga risasi, maana grafu ya kompyuta isiyolinganishwa na pigo halisi haitoshi kuamua unene wa ukuta wa tangi.