Dhahabu ya Misisi: ya mwisho kwa baridi, ya kwanza kwa spini

Ukitoka Baraka, ukapanda hadi Fizi na kushuka kusini kuelekea Lulimba, utapita Misisi, na huko habari ni dhahabu. Huuzwa kwa gramu, na hakuna metali nyingine ya teritwari nzima ya Fizi inayoisogelea kwa bei. Maabara za fizikia zina mizani yao, na kwenye mizani hiyo dhahabu ilianza mkiani.

Kipimo cha kwanza ni baridi. Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi kelvini 4.2, na ukinzani wake wa umeme ukatoweka kabisa. Metali inayofanya hivyo huitwa superkondakta. Bati, linalotokana na kasiterite ya Kivu, hugeuka kwenye kelvini 3.7. Tantali hugeuka kwenye 4.5. Pacha wake ndani ya koltani, madini mengine ya Kivu, ni niobi, naye ndiye bingwa: 9.2, sawa na nyuzi 264 chini ya sifuri, na hakuna elementi nyingine iliyompita kwa kanieneo ya kawaida. Dhahabu haijawahi kugeuka, hata ipoozwe kiasi gani.

Kipimo cha pili ni usumaku, na rekodi yake pia inakaa Kongo. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770. Kobalti hustahimili hadi nyuzi 1,115, na haina mpinzani kati ya elementi zote. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchi hii, hasa Lualaba na Haut-Katanga.

Wagusanishe mabingwa hao wawili, niobi na kobalti, uone ugomvi. Ndani ya superkondakta elektroni husafiri mbili mbili, spini ya moja, yaani usumaku wake mdogo wa asili, ikielekea juu na ya mwenzake chini. Sumaku huzilazimisha zote zielekee upande mmoja, kwa hiyo jozi huvunjika kabla ya kuvuka nanomita chache tu. Mwaka 2001 Bergeret, Volkov na Efetov walionyesha kwa hesabu kwamba jozi zenye spini za upande mmoja zinaweza kupona na kwenda mbali. Miaka mitano baadaye watafiti wa Delft walipitisha mkondo wa jozi kama hizo ndani ya sumaku ya kromi dioksaidi kwa umbali wa karibu mikromita moja. Kwa kiwango cha jozi hizi, hiyo ni safari ndefu mno.

Nani huzigeuza jozi ziwe na spini za upande mmoja? Njia moja ni mfungamano wa spini na obiti, na hapa ndipo atomu nzito hupata heshima yake. Elektroni inayozunguka kiini chenye protoni nyingi hukimbia kwa kasi kubwa, na kwa upande wake ni kana kwamba kiini ndicho kinachoizunguka. Chaji inayozunguka huzaa uga wa sumaku, na uga huo hufunga mwelekeo wa spini na mwelekeo wa mwendo. Mwaka 2012 watafiti wa Cornell walipata athari kubwa ya aina hii ndani ya tantali. Mwaka huohuo wolframu, ambayo nayo huchimbwa Kivu, ikaipita. Mwaka 2020 watafiti wa Kyoto walipanga tabaka za niobi, vanadi na tantali, wakapata diodi ya kwanza ya superkondakta ya namna hiyo: mkondo bila ukinzani upande mmoja, wenye ukinzani upande wa pili. Mbili kati ya metali hizo tatu ni zilezile za koltani. Natamani kila mwalimu wa fizikia wa Baraka awe na mfano huo ubaoni.

Sasa turudi kwa dhahabu. Kiini chake kina protoni 79, na elektroni zake za ndani kabisa hukimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga; hata rangi yake ya njano hutokana na mbio hizo. Mwaka 1996 LaShell, McDougall na Jensen waliona elektroni za uso wa dhahabu zikigawanyika kwa spini zake, bila sumaku yoyote. Mwaka 2020 kundi la Jagadeesh Moodera wa MIT likakusanya kila kitu pahali pamoja: nyaya nyembamba za dhahabu juu ya vanadi, ambayo iliziazima hali ya superkondakta, na visiwa vya sumaku ya yuropi salfaidi juu ya nyaya hizo. Kwenye ncha mbili za kisiwa kimoja zikaonekana ishara mbili kwenye nishati sifuri, zinazofanana na chembe aliyoibashiri Ettore Majorana mwaka 1937.

Hizo ni dalili, hazijawa ushahidi wa mwisho. Utafiti huu una majeraha: mwaka 2021 makala maarufu ya Delft kuhusu chembe hizohizo ilifutwa na waandishi wake. Lakini dhahabu, iliyoshindwa kuwa superkondakta yenyewe, imekuwa mwenyeji anayetafutwa. Na haihitajiki nyingi. Gramu moja ikitandazwa kwa unene wa nanomita 4 hufunika mita za mraba 13.