Tathmini ya vipokea sauti vya masikioni

Tathmini ya vipokea sauti vya masikioni ni upimaji wa sauti na starehe ya vifaa vidogo vya kusikilizia vinavyoingizwa katika mfereji wa sikio na kuunganishwa kwa waya na simu, redio, kompyuta au mitambo ya jukwaani. Nchini Tanzania hujulikana zaidi kama iafoni au spika za masikioni. Wengine huziita hedifoni, ingawa jina hilo kwa asili ni la zile zinazovaliwa kichwani. Mifano ya makala hii inatoka Tukuyu na sehemu nyingine za wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Huko simu ya kawaida yenye redio bado inatumika sana, na kuimba kwaya ni jambo la kila wiki.

Historia kwa ufupi

Iafoni za kuziba sikio zilitokana kwa sehemu na teknolojia ya vifaa vya kuwasaidia wenye uziwi. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion, ilitoa modeli ya ER-4. Mwaka 1995 fundi sauti Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen, mpiga ngoma wa bendi ya Van Halen, iafoni za jukwaani ili aweze kusikia wenzake bila kuongeza kelele za spika. Kutoka huko zilishuka bei hadi kuuzwa madukani na kwenye meza za barabarani.

Kwa nini sikio lenyewe ni sehemu ya kifaa

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5. Kama chupa inayopulizwa mdomoni, mfereji huo pamoja na sikio la nje huongeza nguvu ya sauti za karibu na hezi 3,000 kabla hazijafika kwenye kiwambo cha sikio. Iafoni inapoingizwa ndani, inaziba mlango huo na kulipita sikio la nje. Kwa hiyo iafoni inayotoa masafa yote kwa nguvu sawa haisikiki sawa: inasikika kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Mtengenezaji hulazimika kurudisha mwinuko ule uliopotea. Akiuzidisha, sauti za wanawake na matarumbeta huchoma masikio. Akiupunguza mno, maneno hufifia.

Maabara hupima jambo hili kwa sikio la bandia linalofuata kiwango cha IEC 60318-4. Mchoro unaopatikana huaminika hadi karibu hezi 10,000. Juu ya hapo, matokeo hutegemea sana kina ambacho iafoni imeingizwa. Watafiti wa kampuni ya Harman, wakiongozwa na Sean Olive, walilinganisha michoro hiyo na mapendeleo ya wasikilizaji na kupendekeza umbo ambalo wengi walilipenda. Ni mwongozo mzuri, lakini umbo hilo ni wastani wa watu wengi, na masikio ya mtu mmoja, hata la kulia na la kushoto, huweza kutofautiana.

Kuziba vizuri kwanza

Hukumu nyingi mbaya kuhusu besi zinatokana na vipira visivyolingana na sikio. Hewa ikivuja pembeni, besi hutoroka kabla ya kitu kingine chochote. Jaribio lake ni rahisi: wimbo wenye ngoma kubwa ukiwa unacheza, iafoni inasukumwa ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kipira ni kidogo au hakijakaa sawa. Si ajabu sikio moja kuhitaji kipira kikubwa kuliko jingine. Vipira vya sponji huziba vizuri zaidi kwa wengi, ila huchakaa upesi na kunyonya jasho.

Katika Tukuyu, inaponyesha zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nyumba nyingi zina paa la bati, uzibaji huu una kazi nyingine: kuzuia kelele. Msikilizaji asiyezibwa vizuri hupandisha sauti ili kuishinda mvua, kisha huisahau huko juu mvua inapokatika. Hapo ndipo hatari kwa usikivu huanzia.

Kusikiliza kwa kulinganisha

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti ikiwa ndogo na kwa nguvu zaidi sauti ikikuzwa. Ndiyo maana iafoni yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora, hata kama si bora. Iafoni mbili zikilinganishwa kwa simu ileile bila kugusa kitufe cha sauti, ile yenye wepesi wa kuitikia umeme hushinda bila haki. Ni lazima kila moja irekebishwe hadi usemi wa mtu usikike kwa ukubwa sawa, na ikwalaiza ya simu izimwe.

Nyimbo za kujaribia ziwe zile ambazo msikilizaji anazijua bila kusoma. Kwa wilaya ya Rungwe, ambako misheni ya Wamoravian ilianza mwaka 1891, rekodi ya kwaya ni kipimo kizuri kuliko muziki wa dansi uliojaa mashine. Anayeimba sauti ya tatu aweze kuifuata sauti yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kubahatisha. Besi za wanaume zisiifunike. Herufi s na sh zisipige mluzi.

Usemi nao ni kipimo kikali. Kinyakyusa kina vokali 7 badala ya 5 za Kiswahili, na urefu wa vokali hubadili maana. Lakini, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni. Kwa hiyo sikio haliwezi kuegemea kupanda na kushuka kwa sauti ili kutofautisha maneno: linategemea rangi na urefu wa vokali. Sehemu ya rangi hiyo imo chini ya hezi 500, jirani kabisa na besi. Iafoni yenye besi iliyovimba, ambayo wauzaji husifu sana, inaweza kuzichanganya vokali zinazokaribiana. Kwa anayesikiliza mahubiri, simulizi za wazee au somo la lugha, kasoro hiyo ni kubwa kuliko ukosefu wa kishindo.

Waya na pini

Katika simu nyingi waya wa iafoni ndio antena ya redio ya FM. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, na waya wa mita moja na kidogo huyanasa vya kutosha. Mabondeni, mlima ukikaa kati ya msikilizaji na mnara, kuunyoosha waya badala ya kuukunja mfukoni hubadilisha mapokezi. Hivyo tathmini ya huko isiache kujaribu redio.

Mwimbaji mkuu akipotea huku vyombo vikibaki vyembamba kama vinatoka mbali, mara nyingi pini haijaingia yote au waya wa pamoja wa pande zote mbili umekatika. Huo ni ubovu wa mguso, si wa spika.

Starehe

Dakika tano dukani hazitoshi. Maumivu ya ukingo wa sikio hujitokeza baada ya nusu saa au zaidi, hasa kwa iafoni zenye mrija mnene. Kubanwa kama mtu anayepanda mlima kwa gari huashiria kwamba tundu dogo la hewa halipo au limezibwa. Miezi ya Juni na Julai, watu wa Tukuyu wanapovaa masweta mazito, waya unaosuguana na sufi hupeleka mkwaruzo moja kwa moja sikioni. Kuupitisha juu ya sikio kwa nyuma hupunguza sana mkwaruzo huo.

Kiasi na muda

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo desibeli 90 huruhusu takriban saa 4 tu. Seli za nywele ndani ya koklea zikifa hazioti tena. Mlio unaobaki masikioni baada ya kutoa iafoni ni dalili kwamba sauti ilikuwa kubwa mno.

Upande mmoja ukififia polepole, chanzo cha kawaida ni nta ya sikio iliyoziba wavu wa mrija. Husafishwa kwa brashi kavu, mrija ukielekezwa chini ili uchafu udondoke nje, kisha iafoni huachwa ikauke mahali penye hewa, mbali na jiko.