Uvimbe Unaojificha Nyuma ya Puru

Mgonjwa anapasuliwa jipu karibu na njia ya haja kubwa, usaha unatoka, kidonda kinafunga. Miezi michache baadaye jipu linaibuka palepale. Anapasuliwa tena, na safari hii anaambiwa ana fistula, yaani mfereji wa usaha unaotokeza kwenye ngozi. Wapo wanaorudi chumba cha upasuaji mara kadhaa kabla hajatokea wa kuuliza usaha huo unatoka wapi hasa.

Mara chache, chanzo huwa nyuma ya puru, katika nafasi finyu iliyo mbele ya mfupa wa sakramu. Uvimbe wa hapo ni adimu: Mayo Clinic ya Marekani ilikadiria mgonjwa 1 kati ya 40,000 hivi wanaolazwa. Mwingi ni wa kuzaliwa nao, hasa vifuko vya majimaji, ambavyo huwapata zaidi wanawake. Huweza kukaa kimya miaka mingi, mpaka viingiwe na vijidudu, au mtu aanze kuumia akikaa na kupata nafuu akisimama.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ya kwanza hupatikana bila mashine yoyote. Kidole cha daktari, ndani ya glavu iliyopakwa mafuta, kikipapasa ukuta wa nyuma wa puru, mara nyingi huukuta uvimbe huo. Lakini kipimo hiki hurukwa kwa sababu ya haya, ya mgonjwa na ya daktari pia.

Baada ya kidole ni picha ya MRI, si sindano. Kuchukua kinyama cha kupima kwa sindano kupitia puru huweza kuingiza vijidudu kwenye kifuko safi. Kifuko kikiwa kimeungana na utando wa uti wa mgongo, mgonjwa anaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Panaposhukiwa saratani na kinyama kikahitajika, sindano hupitishwa mahali patakapokatwa pamoja na uvimbe.

Picha ndiyo inayoamua njia ya kisu. Uvimbe ulio chini ya pingili ya tatu ya sakramu hutolewa kwa nyuma, jirani na kifandugu, njia aliyoitangaza Mjerumani Paul Kraske mwaka 1885. Ulio juu zaidi hutolewa kupitia tumboni. Mkubwa huhitaji njia zote mbili. Mishipa ya fahamu ya hapo ndiyo inayozuia choo na mkojo, hivyo mpasuaji huilinda kwa kila hali. Kifuko hutolewa kizima, kisha hupelekwa maabara, kwani vingine hukutwa na saratani ndani yake.