Mgema aliyeogopa kutia tembo maji

Na Mwandishi Wetu

WAZEE wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yake yajulikana: fundi akishapambwa kwa sifa, aghalabu hulegea, akaanza kuuza jina badala ya kazi. Lakini wako mafundi ambao sifa huwafanyia kinyume. Kadiri wasifiwavyo ndivyo wazidivyo kuogopa kutia maji, hata hofu yenyewe ikawa ndiyo maradhi yao. Mmoja wao alikuwa Mwingereza mpiga kinanda, marehemu Keith Emerson, aliyefariki tarehe 11 Machi, 2016, mjini Santa Monica, Marekani, akiwa na umri wa miaka 71.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa taarabu tuna nini na mpiga roki wa Uingereza? Jawabu ni kwamba kinanda twakijua, na mapenzi ya fundi twayajua. Kwetu mpenzi wa muziki huinuka mbele ya kadamnasi akamtunza mwimbaji papo hapo, naye mwimbaji akajua pale pale kwamba amefika moyoni mwa mtu. Kisa cha Emerson ni kisa cha fundi na wapenzi wake, na kisa kama hicho hakina kabila.

KUTOKA BENKI HADI JUKWAANI

Emerson alizaliwa tarehe 2 Novemba, 1944, huko Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alilelewa upande wa Worthing, mji wa pwani ya kusini. Baba yake alikuwa akipiga piano kwa kujifurahisha tu, naye ndiye aliyemwonyesha mwanawe hatua za kwanza. Kijana alisomeshwa muziki wa kale wa Ulaya, lakini masikio yake yalikuwa pia kwenye jazi ya Wamarekani. Alipotoka shule alifanya kazi ya benki kwa muda, kisha kinanda kikamshinda nguvu.

Mwaka 1967 alijiunga na wenzake wakaunda bendi ya The Nice, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpigia mwimbaji P. P. Arnold. Siku hizo sultani wa roki alikuwa mpiga gitaa. Mpiga kinanda aliwekwa pembeni, akionekana nusu uso. Emerson alikataa kukaa pembeni. Alikileta kinanda chake cha Hammond mbele kabisa ya jukwaa, akakiinamisha, akakiburura, akakiruka, akakipiga kwa upande wa nyuma mikono ikiwa imepinduka.

Alichukua na visu akavidunga baina ya vibao. Watu walidhani ni wazimu, kumbe kulikuwa na hesabu ndani yake: kisu hukishikilia kibao kilichobonyezwa, sauti ikaendelea kulia bila kukoma, na mikono miwili ikabaki huru kwa kazi nyingine. Ian Kilmister, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Lemmy, wakati huo alikuwa mbeba vyombo wa bendi hiyo, na ndiye aliyempatia Emerson visu vyake.

Si kila kituko kilipita salama. Mwaka 1968, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Emerson aliichoma moto picha ya bendera ya Marekani, na bendi ikapigwa marufuku kukanyaga tena ukumbini humo.

WATATU NA MZINGA

Mwaka 1970 Emerson aliungana na Greg Lake, mwimbaji na mpiga gitaa la besi aliyetoka King Crimson, na Carl Palmer, mpiga ngoma aliyetoka Atomic Rooster. Bendi ikaitwa kwa majina yao matatu: Emerson, Lake & Palmer. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo walipanda jukwaa la kisiwa cha Wight mbele ya umati mkubwa ajabu, na wakamaliza kwa kufyatua mizinga. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza ni akina nani.

Walipiga roki ya progresivu, yaani roki isiyoridhika na wimbo wa dakika tatu. Utungo wao wa Tarkus wa mwaka 1971 ulijaza upande mzima wa santuri, na unaanza kwa mapigo matano pale ambapo sikio limezoea manne. Mtu aliyezoea kucheza roki alijikuta amekaa kitako anasikiliza.

Ndipo ikaja mashine ya Moog. Hiyo ni sinthesaiza, kinanda kinachozua sauti kwa umeme mtupu. Ya Emerson ilikuwa kama kabati refu lililojaa vifundo na waya, na ilitoa noti moja tu kwa wakati. Joto la taa za jukwaa likizidi, sauti ilipotoka. Ilikuwa mashine ya studio. Emerson aliifungasha akazunguka nayo dunia.

Katika wimbo wa Lucky Man, ambao Lake aliutunga angali mtoto wa miaka 12, Emerson aliombwa aweke kitu mwishoni. Akapiga mara moja, kama mtu anayejaribu tu, naye akataka kurudia. Wenzake wakakataa, kwa sababu walichosikia kilitosha. Kipande hicho kikawa mlango ambao vijana wengi waliingilia katika ulimwengu wa sinthesaiza.

KWA NINI WALIMPENDA?

Ukimsikiliza shabiki wa Emerson, hataanza na visu wala moto. Ataanza na mkono wa kushoto. Mkono huo uliweza kushika mpigo mgumu wa besi, ukauzungusha bila kuyumba, wakati wa kulia ukitembea safari nyingine kabisa. Alisimama katikati ya vinanda viwili, mkono huku na mkono kule, kama mtu anayezungumza na wageni wawili kwa lugha mbili.

Jambo la pili ni kwamba aliwafungulia mlango. Vijana ambao hawakuwahi kuingia ukumbi wa muziki wa kale walimjua Mrusi Mussorgsky kupitia santuri ya Pictures at an Exhibition ya mwaka 1971. Mwaka 1973 Emerson alitaka kurekodi kazi ya Alberto Ginastera, mtunzi wa Argentina. Hakuiiba. Alifunga safari hadi Geneva, akamsikilizisha mzee mwenyewe, naye akaridhia. Na mwaka 1977 kazi ya Mmarekani Aaron Copland, Fanfare for the Common Man, ilipanda mikononi mwao hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo za Uingereza.

Jordan Rudess, aliyepata sifa baadaye na bendi ya Dream Theater, alikuwa mwanafunzi wa piano katika chuo cha Juilliard, New York, tangu utotoni. Alipoisikia Tarkus, njia ikambadilikia. Rachel Flowers, binti wa Kimarekani asiyeona, alizishika tungo za Emerson kwa sikio, akazipiga noti kwa noti hadi mwenyewe akamsifu. Huko Japani, mtunzi Takashi Yoshimatsu aliipangia Tarkus okestra kamili mwaka 2010, na mwaka 2012 muziki huo ulisikika katika mchezo mrefu wa televisheni ya NHK juu ya shujaa wa kale, Taira no Kiyomori.

UPANDE WA PILI WA SIFA

Walakini si wote waliopiga vigelegele. John Peel, mtangazaji maarufu wa BBC, alisema bendi hiyo ni kupoteza bure kipaji na umeme. Na kweli, mambo mengine yalizidi kiasi. Katika tamasha la California Jam, tarehe 6 Aprili, 1974, Emerson aliinuliwa hewani pamoja na piano, akazungushwa kichwa chini miguu juu kama tiara iliyokatika uzi. Mwaka 1977 walianza safari na okestra nzima, na gharama zikawalemea, wakalazimika kuwarudisha wanamuziki nyumbani njiani. Mwaka 1979 bendi ikavunjika.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea mwilini. Mwaka 1993 Emerson alifanyiwa upasuaji wa mshipa wa fahamu katika mkono wa kulia. Mkono ule ambao watu walivuka bahari kuja kuutazama ukaanza kukataa amri. Alijifunza kupiga tena, akaendelea kutunga, akaungana tena na wenzake, na mara ya mwisho watatu hao kusimama pamoja ilikuwa London, Julai 2010. Lakini vidole havikuwa vile vya mwaka 1971, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwezi wa Aprili 2016 alikuwa aende Japani kupiga. Hakufika. Alijitoa uhai wake nyumbani kwa risasi. Mwenziwe aliyeishi naye aliliambia gazeti moja la Uingereza kwamba Emerson alikuwa akisoma maneno makali ambayo baadhi ya wasikilizaji waliyaandika juu ya upigaji wake, wengine wakitaka aache kabisa, na kwamba aliteswa na hofu ya kuwavunja moyo waliompenda. Hukumu ya tendo lile si ya gazeti. Ni ya Mola. Lakini maneno yale yaliandikwa na watu, na watu wana la kujiuliza.

Greg Lake naye alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Carl Palmer, aliyebaki, alimtaja Emerson kuwa mtu mpole aliyeupenda muziki wake kwa dhati. Tarehe 28 Mei, 2016, wapiga vinanda mashuhuri walikusanyika mjini Los Angeles wakazipiga kazi zake, Rudess na Flowers wakiwa miongoni mwao. Ukumbi ulijaa wapenzi waliotoka mbali. Ilikuwa tunzo kubwa, ila mwenyewe hakuwapo kuipokea.

Hapo ndipo penye funzo. Mpenzi wa kweli wa muziki hakosi masikio. Husikia noti iliyopotea. Lakini pia hukumbuka kwamba mkono unaotetemeka leo ndio uliomliza jana kwa furaha. Mgema akizeeka, akashindwa kuupanda mnazi kama zamani, tembo lake likapungua, asiambiwe kwamba ametia maji. Tumtunze fundi angali anasikia, na siku mkono wake utakapochoka, tumpe kiti akae. Sifa za matangani humfikia kila mtu ila mwenyewe.