Uvumbuzi wa chuoni: Hataza ni mali ya nani?

MHADHIRI anayetangaza matokeo ya utafiti wake kwenye kongamano kabla ya kuomba hataza anaweza kuipoteza haki hiyo siku hiyohiyo, na chuo chake kikaipoteza pamoja naye.

Hataza hutolewa kwa jambo jipya tu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuwasilisha ombi baada ya kuutangaza uvumbuzi wake mwenyewe. Ulaya haina huruma hiyo; makala moja katika jarida hutosha kuliua ombi. Ndiyo maana vyuo hutaka kuuona utafiti kabla mhariri wa jarida hajauona, jambo lisilowafurahisha wahadhiri ambao kupanda kwao cheo hutegemea makala walizochapisha.

Swali gumu zaidi ni la umiliki. Kwa mujibu wa kifungu cha 32 cha sheria hiyo, uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Hata hivyo, uvumbuzi ukiwa na thamani ya pekee, mwajiriwa anastahili malipo ya haki.

Mwanafunzi si mwajiriwa, na hapo ndipo mizozo mingi huzaliwa. Tasnifu aliyoiandika inalindwa na hakimiliki tangu anapoiandika, kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hakimiliki hulinda maandishi, si wazo. Mtambo unaoelezwa ndani ya tasnifu hiyohiyo unaweza kuwa na hataza ya chuo au ya mfadhili, kutegemea karatasi zilizotiwa saini mwanzoni.

Alama ya biashara haina utata mwingi: nembo ya chuo ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 10, kisha usajili huhuishwa.

Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuonja uchungu wa karatasi hizo mwaka 2000. Watafiti wake walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kutafuta chanjo ya Ukimwi, msingi ukiwa uchunguzi wa wanawake wa mtaa wa Majengo, jijini Nairobi, waliofanya biashara ya ngono kwa miaka mingi bila kuambukizwa. Ikabainika kuwa upande wa Uingereza ulikwisha kuomba hataza bila kuwahusisha Wakenya. Baada ya malalamiko makali, makubaliano mapya yalikipa chuo cha Nairobi sehemu ya umiliki.

Wanawake wa Majengo hawakuwa na nafasi katika hesabu hiyo, kwani sheria ya hataza humtambua mvumbuzi, si mtu aliyetoa damu yake ichunguzwe. Chanjo yenyewe iliwekwa kando mwaka 2004, baada ya majaribio kuonyesha kuwa iliamsha kinga hafifu mno mwilini.